Uliwauliza Wapi

Mtani wangu Saidi,

Nakuandikia kwa kalamu nyekundu. Ndiyo iliyokuwa mezani baada ya kusahihisha mitihani ya kidato cha tatu, na sikutaka kuinuka kutafuta nyingine. Ungekuwepo ungesema Mngoni hata barua kwa marehemu anaiandika kama anatangaza vita. Haya, umeshasema, niache niendelee.

Sitalia humu. Nililia kwenye basi siku niliyotoka msibani kwenu, kuanzia Tunduru mpaka tunakaribia Namtumbo, hadi mama niliyekaa naye akanikatia pingili ya muwa akasema, "Tafuna, dada. Safari bado ndefu." Nikatafuna, nikanyamaza. Hiyo ilitosha.

Naandika kwa sababu nina taarifa, na wewe ulikuwa mtu wa kudai taarifa kamili: nani amesema, amesemea wapi, na nani alikuwa anasikiliza. Taarifa yenyewe ni hii. Kwa sababu ya makala yangu, Skolastika wa Mpitimbi alifutwa kwenye orodha ya kaya zinazopata msaada wa serikali. Nilikuwa na mkutano mmoja tu wa kijiji wa kulirekebisha jambo hilo, na yeye mwenyewe alinikataza nisimtaje. Nitakueleza nilivyofanya, lakini kwanza lazima nirudi nyuma, maana sehemu kubwa ya habari hii uliniachia mikononi ukaondoka.

Unaujua msimamo wangu. Miaka kumi na moja tulikaa chumba kimoja cha walimu hapa Songea, wewe hesabu, mimi historia, na chai ilikuwa inapoa tukibishana. Nilikuwa nasema, na bado nasema, kwamba serikali inayomgawia mkulima badala ya kununua mahindi yake kwa bei ya haki inamnunua yeye mwenyewe. Nimeliandika hilo gazetini kwa namna zote ninazozijua. Wewe ulikuwa unanisubiri nimalize, unakunja gazeti, kisha unauliza, "Na asiye na mahindi ya kuuza?" Nikijibu kwamba ana mikono, unasema, "Mtani, mikono ya wenzio unaihesabu ukiwa umekaa." Walimu wengine wanacheka. Mwishowe ukaacha chaki, ukarudi Namasakata kwenye mikorosho ya baba yako, ukidai umechoka kubishana na mtu asiyejua kushindwa.

Yule binti wa chuo kikuu alipokuja kutafuta watu wawili wa kumsaidia kuuliza maswali, mmoja upande wa Songea na mwingine upande wa Tunduru, ni mimi niliyempa jina lako. Usilisahau hilo huko uliko. Swali lake kuu lilikuwa moja: serikali iwasaidie maskini, au kila mtu ajitafutie? Waulizwe watu wa makamo tu, wa kuanzia miaka arobaini hadi sitini, rika letu hili lenye wazazi wa kutunza na watoto wa kusomesha kwa wakati mmoja. Alitaka kujua kama watu wa pande tofauti wanafikiri tofauti.

Mimi jibu nilikuwa nalo kabla fomu hazijafika. Wangoni watakataa, Wayao watakubali. Nilikuambia hivyo kwenye simu, ukaniuliza kama basi nikujazie na zako kabisa, uendelee na palizi.

Nilichagua njia rahisi. Pale Mpitimbi, nyumbani, watu wa rika letu wanakusanyika wenyewe kila Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya. Sala ilipokwisha, kabla ya matangazo, nikasimama na fomu zangu. Nikasoma swali kwa sauti ya darasani. Wa kwanza kujibu alikuwa katekista Gama, kama ilivyo desturi, maana hakuna anayetangulia kusema mbele yake. Akasema, "Msaada unamfanya mtu awe mvivu. Sisi hapa ni watu wa jembe." Basi waliofuata wakaitikia kama litania. Uvivu. Jembe. Uvivu. Jembe. Nikawa naandika huku nafurahi.

Ikafika zamu ya Skola. Wewe ulimjua kwa maneno yangu tu: tulikaa dawati moja tangu darasa la nne mpaka la saba, sasa ni mjane, mguu wake wa kushoto haujanyooka tangu alipoangukiwa na gogo, na ana wajukuu wawili wanaomtegemea. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kaya maskini, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Wenzake walijibu wakiwa wameketi mkekani. Yeye alishika ukuta akainuka, akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu.

"Mimi vya bure sivitaki," akasema. "Mwenye mikono alime."

Wakampigia makofi. Nikaandika neno kwa neno, nikapigia mstari.

Makala ikatoka. Nilieleza jinsi Songea inavyofikiri na jinsi Tunduru inavyofikiri, ingawa za kwako nilikuwa bado sijaziona hata moja. Nikamweka humo mjane mmoja wa Mpitimbi, mwenye mguu mbovu, aliyesimama kuwafundisha heshima viongozi wetu. Jina sikulitaja. Nilijiona mwangalifu sana kwa kutolitaja, kana kwamba Mpitimbi ina wajane wengi wenye mguu wa kushoto mbovu.

Siku hiyohiyo ukanipigia. Ulikuwa unapulizia dawa mikorosho, nilisikia mashine ikinguruma, ukaizima.

"Mtani, nimesoma. Uliwauliza wapi?"

"Mpitimbi."

"Mpitimbi ni pana. Wapi?"

"Kwenye jumuiya."

"Basi hukuuliza watu. Umeuliza jumuiya. Rudi ukaulize mmoja mmoja."

Nikakuambia una wivu kwa sababu watu wangu wamejibu kama watu wazima. Ukasema tena, taratibu, rudi ukaulize mmoja mmoja. Ndipo nikasema kwamba ninyi Wayao mmezoea kunyoosha mkono, ndiyo maana hamtaki kusikia kuna wengine wasionyoosha. Tumetukanana miaka mingi, Saidi, mbele ya wake na waume zetu, mbele ya wakuu wa shule, na kila tusi lilikuwa na kicheko ndani yake. Hilo halikuwa nacho. Wote wawili tulisikia.

Ukasema, "Haya, mwalimu." Hukusema mtani. Ukakata simu.

Sikukupigia. Nilikuwa nangoja unipigie wewe, kwa kuwa kila mara ulikuwa unaanza wewe. Miezi mitatu baadaye akapiga mdogo wako: umeanguka ukianika korosho, presha, wamekukimbiza hospitali ya misheni Mbesa. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikafungasha. Kabla sijapanda basi akapiga tena.

Na kwenye msiba wako nilikuaibisha. Wazee wenu walinipa nafasi yangu. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema maiti. Aigize mwendo wake, adai viatu vyake, aulize kwa sauti nani atamaliza ugali aliouacha, ili wafiwa wapate pa kuvutia pumzi. Walikuwa wananitazama. Mdogo wako akasogea akaninong'oneza, "Mtani, vipi? Leo Wangoni mmeishiwa maneno?" Nilikaa mkekani na akina mama, kanga imenifika machoni, sikuweza hata kukohoa. Nilikuwa na neno moja tu kinywani, lile la mwisho nililokuambia, na hilo halisemeki msibani. Wakamtuma mtani mwingine, kijana wa Kingindo, akaigiza mwendo wako vibaya. Wewe hukuwa unatupa mguu namna ile.

Siku ya tatu mkeo, Mama Zaituni, akanipa mfuko wa nailoni. "Alisema hizi ni zako. Umfikishie yule binti wa chuo." Zilikuwa fomu zako.

Nilizisoma nyumbani, mchana wa Jumapili, kama ninavyosoma maandishi ya adui: natafuta kosa. Nikalipata upesi. Fomu zilikuwa nyingi mno, na majina yalijirudia. Nikasema, kumbe mwalimu wa hesabu naye anachakachua. Kisha nikaona kwamba kila jina linalojirudia, fomu ya kwanza imepigwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, na juu yake umeandika kwa mwandiko wako wa ubaoni: *barazani msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, wote wapo.*

Nikasoma majibu ya hizo ulizozifuta. Mungu ndiye mtoaji. Sisi alhamdulillahi hatujapungukiwa. Msaada unaleta uvivu. Kila mtu ajitafutie. Fomu kumi na kitu mfululizo, jibu lilelile. Saidi, yalikuwa majibu ya Mpitimbi. Ungebadilisha baraza kuwa mkeka, na swala kuwa sala, ungedhani Gama ndiye aliyeanza.

Fomu za pili zilikuwa na watu walewale. Juu ya kila moja umeandika pahali. *Shambani kwake, tunapalilia, peke yake. Anamenya muhogo, peke yake. Njiani kutoka mnadani, peke yake.* Na majibu yalikuwa marefu, mengine yamefika nyuma ya karatasi. Mzee aliyesema barazani kwamba hajapungukiwa, shambani amesema mkewe hajapimwa macho mwaka wa nne. Wengi walitaka msaada, lakini ugawiwe sawa kwa wote, maana anayepata peke yake hatakula kwa amani, wenzake watamwangalia sufuria. Wengine walikataa palepale shambani, wakatoa sababu zao, na hao nao ukawaandika vilevile bila kuwabishia. Sijui uliwezaje.

Kwa hiyo ulikosea kama mimi. Tofauti ni kwamba wewe ulirudi.

Januari, mahindi yakiwa kiunoni, nikarudi Mpitimbi kila mwisho wa wiki. Huwezi kusimama pembeni mwa shamba la mtu ukamhoji akiwa ameinama. Unaazima jembe, unashika tuta la pili, mnakwenda sambamba, na swali unaliuliza mkifika katikati, wakati wote wawili mnatazama chini. Nilipata malengelenge viganjani, wanafunzi wangu wakaona nashindwa kushika chaki, wakafurahi sana.

Katekista Gama alipalilia tuta zima bila kunijibu. Alipofika mwisho akaegemea mpini. "Mwalimu, mbolea ya ruzuku naichukua kila msimu. Nani ameniita mvivu?" Nikamkumbusha alichosema siku ile. "Siku ile nilikuwa katekista," akasema. "Leo niko shambani kwangu."

Usidhani wote waligeuka. Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia shambani lilelile alilosema mkekani, ila kwa ukali zaidi. Na hapa mjini Bombambili nilimfuata jirani yangu, afisa aliyehamia kutoka Kilimanjaro, barazani kwake, peke yake, na chai. Akasema, "Mwalimu, huku kwenu ardhi ipo, mvua ipo. Huyo maskini anatoka wapi? Asaidiwe mzee na mlemavu, basi." Ofisini kwake nilishamsikia akisema hayohayo mbele ya wenzake kumi. Nilikaribia kumkumbatia. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba mkoa mzima unanidanganya.

Tofauti ipo basi, na nimemwandikia binti wa chuo ilivyo. Kwenu wanataka kinachotolewa kigawiwe sawa ili mtu asionewe kijicho. Kwetu wanataka kiwe kitu kisichoonekana, mbolea, kadi ya matibabu, kitu kinachoweza kuingia ndani bila jirani kugeuza shingo. Jirani yangu aliyehamia anataka wapewe wasiojiweza tu, akitazama bonde letu kijani kwa macho ya mtu aliyetoka kwenye shamba la hatua tano. Ni tofauti ya kweli, lakini siyo niliyoitangaza mimi.

Skola nilimwacha mwisho, kwa woga. Nilimkuta amekaa chini, anapalilia kwa kujisogeza, mguu ameunyoosha mbele. Hakuitikia salamu. Nikachukua tuta la pembeni yake, nikaketi chini kama yeye. Tukasogea mpaka mwisho.

"Efra," akasema, "tumekaa dawati moja."

"Ndiyo."

"Uliniuliza mbele ya watu wote kama mimi ni ombaomba. Ulitaka nijibu nini?"

Akaendelea, sauti yake ya kawaida, kama anaeleza habari za mbegu. Orodha ilipopitiwa, mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema: Skola amesema mwenyewe kwenye jumuiya kwamba havitaki, na gazeti limeandika, tumheshimu, nafasi yake apewe mwingine. Mkutano ukapiga makofi, mara ya pili. "Wakaniheshimu," akasema Skola. "Tangu hapo zamu ya jumuiya nyumbani kwangu nimeiruka mara mbili. Watu wakija kusali nitawakalisha wapi, nitawapa nini? Nasingizia mguu."

Nikamwambia orodha itapitiwa tena kabla ya Pasaka, nitasimama nimtetee.

Akaniwekea jembe lake kifuani, mpini mbele, siyo kwa nguvu. "Usinitaje. Ukinitaja tena mbele za watu, nahama jumuiya. Umesikia, mlongo wangu, ndugu yangu? Nahama."

Hapo ndipo nilipokuhitaji, Saidi. Mimi kazi niijuayo ni kusimama na kusema. Kwa mara ya kwanza kusimama na kusema ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe. Nilikaa siku nyingi na mfuko wako wa nailoni, nikisoma zile alama zako za juu: peke yake, peke yake, peke yake.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, karibu na ofisi ya kijiji. Mtendaji akafungua daftari la majina, akajiandaa kusoma jina moja moja, watu waseme abaki au atoke kwa kunyoosha mikono. Nikaomba nafasi.

"Yale niliyoyaandika gazetini," nikasema, "siyo maoni ya kijiji hiki. Niliwauliza mkiwa mnaangaliana, mkanijibu kama watu wanaoangaliana. Kosa ni la muulizaji. Kama kuna uamuzi wowote uliofanywa hapa kwa kutumia majibu yale, naomba yafutwe yote. Na majina yasisomwe hadharani. Mwenye neno juu ya orodha, la kukubali au la kupinga, la kwake au la mwenzake, aingie ofisini peke yake, aiambie kamati, atoke."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mwalimu, ulituandika gazetini kwamba sisi Wangoni hatuombi. Leo umegeuka Myao?"

Uwanja ukacheka, na mimi pia. "Nimetoka kwa mtani wangu," nikasema. "Ameniachia kazi."

"Itachukua siku nzima."

"Mna safari?"

Wakabishana, wazee wakataka majina yasomwe kama zamani, akina mama wa nyuma wakasema ndiyo, ndiyo, waacheni waingie. Mwenyekiti akakubali kwa kutaka tu kunionyesha kwamba hakuna atakayeingia. Kamati ikaingia ndani, mlango ukaachwa wazi. Na hakuna aliyesogea.

Hapo nikaliona kosa langu la pili. Mlango nao unaonekana. Uwanja mzima ulikuwa unautazama, na wa kwanza kuukaribia angekuwa amejiandika kwenye paji la uso. Skola alikuwa amekaa mbali, chini ya dirisha la darasa, anachora ardhi kwa kijiti. Mwenyekiti akachungulia nje. "Mmeona? Hakuna mwenye neno. Tuendelee kusoma."

Nikaenda nikasimama mlangoni. Mimi, mwenye mshahara na nyumba ya bati Bombambili, nikasimama kwenye mstari wa watu maskini wa Mpitimbi, mstari wa mtu mmoja. Nikahisi jinsi mgongo unavyokuwa ukitazamwa. Ningependa kukuambia nilijisikia jasiri. Nilijisikia uchi.

Nikasema bila kugeuka, kwa sauti ya kutosha, "Na wale wanaosema msaada ni uvivu, waje hapa vilevile. Neno la kupinga linasemewa humuhumu. Au lilikuwa la mkekani tu?"

Nikasikia kiatu nyuma yangu. Gama. "Mimi nina neno," akasema, "na sitasema ni lipi." Akafuata mama wa vitumbua, uso umekunjamana, amekuja kupinga na amekuja kwa haki yake. Akafuata mwenye duka. Kisha mstari ukawa na watu ambao hata mjanja asingeweza kusema nani amekuja kuomba na nani amekuja kukataa, ukapinda kuzunguka ofisi hadi kwenye vyoo vya walimu. Zamu yangu ilipofika nikaiambia kamati kwamba kwa maoni yangu msaada huu ni kiraka na serikali inunue mahindi kwa bei ya haki. Mtendaji akaacha kuandika. "Mwalimu, umetusumbua wote hivi ili uje kutupinga?"

"Nimekuja kusimama kwenye mstari," nikasema. "Andika."

Nilipotoka, Skola alikuwa kati ya mwenye duka na mzee mmoja kiziwi, amejishika ukutani. Alinipita kwa macho kama ananiona kila siku. Alichosema ndani sikijui, na sitamuuliza.

Orodha ilibandikwa wiki mbili baadaye kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Sikwenda kuisoma. Gazetini nimeandika sahihisho. Mhariri alilalamika kwamba halina moto, akaliweka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mashine ya kukoboa. Nimelikata, liko ndani ya mfuko wako.

Kisha Jumamosi moja, kwenye matangazo, Gama akasema, "Wiki ijayo, kwa Skola." Watu wakaitikia tu, kama jambo la kawaida. Nikasafiri kutoka mjini. Tulikuta mikeka miwili mipya na mingine ya kuazima, chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na yeye amejifunga kitenge cha sikukuu. Aliniweka karibu na mlango, mahali pa mgeni asiye muhimu sana. Sala ikaisha. Nilipokuwa namuaga akanitazama mikononi.

"Leo huna fomu?"

"Sina."

"Afadhali," akasema, akaniongezea muhogo wa njiani.

Ndiyo taarifa yangu. Utaona sijasema ulishinda. Hoja yangu ya mahindi iko palepale na kuna siku, katikati ya kusahihisha, ninaigeuza upande mmoja na mwingine ili nikupigie nikuambie, ninafika hadi kushika simu. Hakuna anayenipinga vizuri siku hizi. Wananikubalia, au wananitukana, na vyote viwili havina kazi. Nimebaki nabishana na vitabu, navyo haviulizi wapi.

Lile neno nililolisema kwenye simu, nalirudisha. Nilisemee wapi kwingine, ukiwa hupo? Nalisemea hapa, kwa kalamu nyekundu, peke yangu.

Mama Zaituni ameniambia dua ya mwaka itasomwa korosho zikishaanikwa. Nitakuja Namasakata, na safari hii sitakaa kimya mkekani. Nitavaa kofia yako, nitatembea kama ulivyotembea wewe na siyo kama alivyotembea yule Mngindo, nitadai viatu, nitawaambia ndugu zako wote kwamba marehemu alikuwa mbishi, mchoyo wa chai, na kwamba mwalimu wa hesabu mzima ilimbidi aulize swali moja mara mbili. Watacheka. Uache wacheke. Na popote nitakapouliza neno tena katika maisha yangu, nitatangulia kuangalia ni nani amekaa karibu anasikiliza.

Lala, Myao. Zamu ya kuanza kupiga simu ilikuwa yangu.

Mtani wako,
Efrasia